Siku Nilipoanza Kudaiwa Moshi

Mto Pangani unaingia baharini pale kwetu, hatua chache kutoka kivuko cha kwenda Bweni. Nimezaliwa na kukulia mji ule, na tangu utotoni mtu akiniuliza mto unatokea wapi nilikuwa najibu, "Bara," basi. Bara lilikuwa neno moja la kutajia kila mahali ambako upepo hauna chumvi. Juni 2018 mume wangu alipata kazi kwenye karakana ya magari mjini Moshi. Nikamfuata na mtoto wetu wa miaka mitatu, cherehani yangu, na mbuzi ya nazi ambayo mama aliiviringisha kwenye kanga kuukuu akisema, "Huko mlimani hawanayo."

Kutoka Pangani mpaka Tanga mjini ni kama kilomita 50, lakini wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi, na tulifika stendi tumechoka kabla hata hatujapanda basi la Moshi. Ukishapita Segera, milima inakaa mkono wa kulia njia nzima, Usambara kwanza kisha Upare. Kushoto ni tambarare na mashamba ya mkonge. Mzee aliyekaa pembeni yangu alinisikia nikizungumza na mtoto, akaniuliza natokea wapi. Nilipomwambia, akanyoosha kidole dirishani kuelekea ukanda wa miti ya kijani uliokuwa mbali bondeni.

"Mto wenu ule," akasema.

Akanieleza kwamba maji ya Kilimanjaro na Meru yanashuka kwa mito ya Ruvu na Kikuletwa, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na yakitoka hapo ndipo yanaitwa Pangani. Nilikuwa nimeishi miaka 27 mwishoni mwa mto bila kujua mwanzo wake. Habari ile niliishika kuliko nasaha zote nilizopewa kabla ya kuondoka.

Na nasaha zilikuwa nyingi. Kila aliyewahi kufika Moshi, na wengi ambao hawajawahi, walikuwa na la kuniambia kuhusu Wachaga: wanapenda hela, hawana muda na mtu, ukikosana nao hawasahau. Nayataja kwa sababu niliyabeba kama mzigo mwingine kwenye basi. Kwa miezi mingi kila nilichokiona nilikipima kwa maneno hayo, na mtu akipima kwa futi mbovu, kila nguo inamkaa vibaya.

Baridi ndiyo watu wa nyumbani wanayoniuliza kwanza, ingawa haikuwa shida kubwa. Juni na Julai Moshi kuna ubaridi wa kweli asubuhi, wingu limeshuka, na kwa wiki tatu za mwanzo sikuuona Mlima Kilimanjaro hata mara moja. Nilikuwa naelekezwa tu, "Uko pale," nami naangalia ukungu. Nilinunua masweta ya mitumba soko la Memorial, nikajifunza kuchemsha maji ya kuoga, mambo yakaisha. Asubuhi mlima ulipofunguka nilikuwa nafagia uani. Nilisimama na fagio mkononi mpaka mtoto akaanza kulia njaa.

Kilichonisumbua zaidi ni kutojua kuelekezwa. Kwetu mtu anajua bahari iko wapi, kusi inatoka upande gani, kaskazi upande gani. Moshi kila kitu ni juu na chini. Watu wanapanda Kibosho, wanapanda Uru, wanashuka mjini. "Shuka kidogo halafu panda kushoto," naambiwa, nami nasimama kwenye njia ambayo machoni pangu ni tambarare kabisa. Ilinichukua muda miguu yangu kuanza kuhisi mteremko ule mdogo ambao mwenyeji anauhisi hata akiwa amefumba macho.

Chakula nilikililia, sifichi. Nazi zipo sokoni, zinaletwa kutoka kwetu, lakini kwa bei iliyopanda mlima pamoja nazo. Samaki wanaopatikana kirahisi ni perege wa Nyumba ya Mungu. Ni samaki mzuri, ila ulimi uliozoea changu na kibua unakaa unasubiri chumvi ambayo haiji. Mbuzi ya nazi ilikaa chini ya kitanda, nikawa naitoa Ijumaa tu.

Kazi nilipata mahali barazani, mbele ya duka la vitambaa mtaa wa nyuma ya soko kuu. Ndivyo mafundi wengi wa Moshi wanavyofanya kazi: mteja anachagua kitenge ndani, anatoka nacho, anapimwa hapo hapo nje. Mimi nilizoea kushona madera, kanzu na magauni mepesi yasiyombana mtu. Hapa nikakuta suti za kitenge zenye bitana, sare za shule, majoho ya kwaya. Mikono haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa salamu.

Kwetu mteja akija, tunaanza na salamu, tunaulizana za nyumbani, za watoto, za wazee, halafu ndipo nguo inatajwa, tena kama kitu kilichokumbukwa njiani. Hapa mama anafika na kapu, anasimama, anasema, "Fundi, tayari?" Sijasalimiwa. Nikisema bado, anageuka anaondoka. Nilikuwa narudi nyumbani nimevimba moyo. Nilimwambia mume wangu kwamba hawa watu wananiona mashine, pamoja na ile ninayoikanyaga.

Aliyenifungua macho ni fundi mwenzangu, dada wa Uru aliyekaa cherehani ya pili kutoka kwangu. Aliniambia niangalie miguu ya yule mama. Niliangalia. Viatu vya matope. Dada akasema, "Huyo ametoka juu alfajiri na mikungu ya ndizi, ameuza Mbuyuni, amenunua chumvi na sabuni, na daladala ya kwao ikimwacha atapanda kwa miguu na ng'ombe hajakatiwa majani. Akisimama kukuuliza za wazee, nani atamkatia?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo nilianza kuuliza wateja wa juu siku wanazoshuka mjini, na nguo zao nikawa nazimaliza jioni ya kuamkia siku hiyo. Na ajabu, mtu akikuta nguo yake imekunjwa inamsubiri, salamu anazipatia muda wake.

Mama mwenye nyumba wetu, kule Majengo, naye nilimwogopa. Ni mama wa Kilutheri, mjane, kwao Old Moshi. Kodi tulilipa ya miezi sita, akaandika risiti mbele yetu, akatusomea mkataba mstari kwa mstari, maji siku gani, takataka zinawekwa wapi. Hakunikaribisha kwa maneno mengi. Hakunipikia. Nilikaa miezi namwita "Shikamoo Mama" naye anajibu "Marahaba," kisha anapita.

Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo lililonifanya niandike. Nilikuwa nangoja kukaribishwa. Nilidhani ugeni ni mlango ambao wenyeji wanaufungua kwa ndani, na kazi yangu ni kukaa kibarazani kwa adabu mpaka wanione. Lakini nikitazama nyuma, sikumbuki siku hata moja niliyojisikia nimefika kwa sababu mtu alinikaribisha vizuri. Nakumbuka siku nilizoombwa kitu. Mtu ambaye hakuna anayemdai lolote bado ni msafiri, hata akiwa amelipa kodi ya mwaka.

Mara ya kwanza ilikuwa Krismasi ya 2018. Wiki mbili kabla, mji ulibadilika. Magari yenye mizigo hadi juu ya paa yalikuwa yanaingia usiku na mchana kutoka Dar es Salaam, kwa maana Mchaga popote alipo Desemba anarudi kwao. Nyumba zilizokuwa kimya mwaka mzima zikawaka taa. Watoto wa mama mwenye nyumba walikuja na wajukuu, na mbuzi akafungwa kwenye mti uani. Asubuhi ya tarehe 25 aligonga mlango wetu mwenyewe. Akamwambia mume wangu, "Baba, naomba utuchinjie. Nataka tule wote."

Mume wangu alitoka akachinja. Halikuwa ombi la ajabu, maana nchi nzima watu wa dini mbalimbali wanafanya hivyo ili asiwepo wa kubaki nje ya sinia. Lakini katika mtaa wenye Waislamu wengi aliowajua miaka na miaka, alikuja kwetu. Na nilielewa kitu kingine: hakutuita kula, alituita kufanya kazi kwanza. Nyama tuliyokula siku ile tulikuwa na mkono ndani yake.

Agosti 2019 nilijifungua mtoto wa pili. Mama yangu hakuweza kuja, alikuwa anamuuguza babu. Ile ndiyo hofu iliyokuwa imenikaa mimba nzima, kwamba nitaingia uzazi bila mtu. Asubuhi ya pili nimetoka hospitali, saa moja kasoro, mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba ameshika hotpoti kwa mikono miwili. Mtori. Ndizi zimepikwa na mifupa ya ng'ombe mpaka zimelainika, zikapondwa, moto unatoka. Hakusema pole wala hongera ndefu. Alisema, "Kula yote, maziwa yatoke." Akakaa kwenye kigoda kuhakikisha nakula yote.

Alileta mtori siku arobaini. Sikuwa nimewahi kuhesabu chakula cha mtu, lakini huo niliuhesabu. Mama kwenye simu alikuwa ananiagiza nipikiwe uji wa pilipili manga, na binti wa kazi akanipikia huo pia, kwa hiyo mwanangu alinyonya maziwa ya pwani na ya mlimani kwa pamoja. Siku ya arobaini na moja mama mwenye nyumba alikuja na mikono mitupu. "Sasa una nguvu," akasema, "nina magauni mawili ya kupunguza." Nikayashona usiku huo huo. Hakuuliza bei nami sikutaja. Kama angeniuliza, ningeumia.

Ninayotaka kusimulia kwa kirefu ni ya Desemba ya mwaka huo. Treni ya abiria ilikuwa imerudi kati ya Dar es Salaam na Moshi baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, watu walikuwa na furaha na wengi walikuja. Oda zilinizidi. Mtoto ana miezi minne, nanyonyesha barazani, usiku nashona. Mama mmoja wa Kibosho aliniletea pisi nzima ya kitenge chenye ndege wakubwa, magauni matatu, lake na ya dada zake wawili, kwa ubatizo wa mjukuu tarehe 26. Mawili yalitoka vizuri. La tatu nilikata nikiwa na usingizi na sikuangalia mwelekeo wa mchoro. Nilipolishona na kulitundika, ndege wote wa mbele walikuwa vichwa chini.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Alipokuja tarehe 20 nilimwonyesha, maana sikuwa na pa kulificha. Nilitegemea atapiga kelele. Alilitazama muda mrefu, akachukua yale mawili mazuri, akanilipa yote matatu, akaondoka. Ningependa angenitukana. Ile hela nilikaa nayo mkononi inanichoma.

Usiku nilimweleza mama mwenye nyumba. Nilimwambia kesho natafuta kitenge kama kile, nashona upya, narudisha na hela. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hela mpe. Lakini hela ikitangulia ataona unamlipa ili yaishe. Tangulia na isale."

Isale nilikuwa naiona kila siku bila kujua. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, Wachaga wanaupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na makaburini. Aliniambia kwamba mtu aliyekosa anaweza kwenda kwa aliyemkosea na jani la isale, na anayeletewa hatakiwi kumfukuza, atasikiliza. Alikwenda kwenye ua wake na tochi, akakata jani moja, akalifuta kwa kanga yake, akaliweka mezani kwangu.

Kitenge nilikipata siku ya tatu, kwenye duka dogo upande wa stendi, kipande cha mwisho. Safari hii kabla ya kukata niliweka pini juu ya kichwa cha kila ndege. Tarehe 24 asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda daladala ya Kibosho. Barabara inapita katikati ya migomba na kahawa, na kando yake maji yanakimbia kwenye mifereji ambayo wazee wao waliichimba kuyashusha kutoka mtoni hadi mashambani. Niliyatazama nikamkumbuka yule mzee wa kwenye basi.

Nilielekezwa nyumba, juu kidogo, na sikupotea. Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Nilisimama getini, nikashika isale kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Nikasema tu, "Mama, nimekosa."

Aliweka kisu chini. "Nani amekufundisha hii?"

"Mama mwenye nyumba wangu."

"Kwao wapi?"

"Old Moshi."

Alilichukua lile jani. "Basi una mtu," akasema. "Ingia, mtoto anapigwa na baridi."

Tulikula kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, kwenye bakuli moja. Alilivaa gauni palepale, akageuka huku na huku mbele ya dada zake. Hela alikataa. Aliponisindikiza barabarani ndipo akaniuliza za wazee wangu, mmoja mmoja, kwa utulivu wote wa mtu wa pwani, na daladala mbili zikapita tukiwa tunazungumza. Pasaka haijafika akanishushia kwaya nzima ya kanisani kwao, watu 32, kila mmoja na kimo chake.

Kuna mengine ningeweza kueleza, kikoba cha mtaani ambacho ukichelewa unatozwa faini bila kujali wewe ni nani, au usafi wa mji huu ambao ulinifanya nianze kutembea na maganda ya machungwa kwenye mkoba. Hayo utayajua mwenyewe ukifika. Kwa anayehama mkoa sasa hivi, iwe ni kwa kazi au ndoa, mimi ningemwomba jambo moja: akiombwa kitu na jirani mwezi wa kwanza, hata kama ni ndoo ya maji au kumshikia mtoto, asikiharakishe kukimaliza ili asidaiwe. Na yeye aombe. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikijivunia kwamba simsumbui mtu.

Mama yangu alikuja kututembelea mwaka 2021. Alileta nazi ishirini. Aliniomba nimpeleke mto unakotoka, na kwa kuwa mlimani asingeweza, tulikwenda chemchemi za Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, ambako maji safi ya kibuluu yanabubujika chini ya mizizi ya miti na kwenda kuingia Kikuletwa. Alivua kandambili akaingia mpaka magotini. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatulia.

"Hayajajua chumvi bado," akasema.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mtoto wa mwisho wa mama mwenye nyumba alikuwa anaolewa. Kadi za michango zilianza kuzunguka. Nimeshashona sare za harusi nyingi mjini hapa na kadi nimeona za kila rangi, lakini zote zilipita mbele yangu zikienda kwa wengine. Mimi nilikuwa fundi. Safari hii aliyeleta ni katibu wa kamati, kijana wa mtaani, alikuja mpaka barazani. Juu ya bahasha wameandika "Mama Tanga na Familia," kwa kalamu ya bluu. Ndani, chini ya maneno ya kuomba mchango, kuna mstari mtupu wa kujaza ahadi, na pembeni mama mwenye nyumba ameongeza kwa mkono wake: sare za akina mama ni juu yako, na mbuzi wa ndafu Baba atatuchinjia.

Ilikuwa saa nne, baraza imejaa, na mama mmoja wa Uru amesimama na kapu lake anasubiri kupimwa. Nilijaza ahadi. Niliandika kiasi kikubwa kuliko tulichokubaliana na mume wangu kwa mambo ya namna ile, na jioni nilimwambia. Kisha nikaibana kadi chini ya mguu wa cherehani ili upepo usiichukue, nikatoa futi shingoni.

"Mama, karibu. Gari lenu linapanda saa ngapi?"